Tangi au Papo kwa Papo

Nchi yetu kwa sasa haina jina. La zamani lilifutwa mwezi wa tatu kwa sababu ya uchakavu, na jipya liko mezani kwa mtu fulani, linasubiri sahihi. Lakini polisi bado wanajua pa kufika, kwa hiyo hatujaona upungufu wowote.

Mimi ni Mama Siwema. Nina stashahada ya sayansi kimu, nina mume mmoja, binti mmoja, na mkwe mmoja aliyekuwa darini. Nitaeleza alivyofika darini, maana watu wa mtaa huu wakisimulia jambo hutia chumvi mpaka likawasha.

Tunakaa nyanda za juu. Huku asubuhi maji ya bomba yanauma kama siafu. Mtukufu Kiongozi alipokuja kututembelea, akalala Ikulu Ndogo na kuoga huko mara moja, alitoka bafuni akiwa na sera. Sera hiyo iliitwa Joto kwa Wote. Kabla ya saa sita mchana tulikuwa na Wizara ya Joto, waziri, naibu waziri, na wimbo.

Siku ya kuzindua hita ya kwanza ya Taifa tuliitwa uwanjani. Hita yenyewe ilikuwa jukwaani, imefungwa utepe. Umeme ulikuwa umekatika tangu alfajiri, lakini hapakuwa na mtu mwenye cheo kidogo kiasi cha kumwambia Kiongozi. Akafungua bomba, akachovya kidole, akasema, "Moto!" Uwanja ukapiga makofi. Waziri wa Joto akachovya chake, akaruka, akapiga kelele, "Nakufa, mama!" Naibu wake alichovya mkono mzima. Aliondolewa kwa machela, na baadaye akapewa nishani ya majeruhi.

Kisha mshereheshaji akasema, "Na sasa mpimaji wa Ofisi ya Vipimo atusomee, kwa ajili ya kumbukumbu."

Mpimaji huyo ni Chande, mume wa binti yangu. Akatumbukiza kipimajoto, akangoja dakika mbili kama alivyofundishwa, akakinyanyua machoni, akasoma kwenye kipaza sauti cha betri: "Nyuzi kumi na nne."

Hakuna aliyemkamata pale pale. Walimpigia makofi pia, maana makofi yalikuwa yamepangwa. Lakini keshoye bosi wake alipelekwa Kituo cha Kupoza, na siku ya tatu nguo za bosi zikarudishwa kwa mkewe, zimefuliwa na kupigwa pasi. Mwenyewe hakurudishwa. Chande alipoziona zile nguo zimening'inia dirishani kwa mke huyo, alikuja kwangu kwa mlango wa nyuma.

"Ulishindwa hata kukohoa, mwanangu?" nilimwuliza.

"Kipimo kilisema kumi na nne, Mama."

"Na Kiongozi alisema moto. Wewe umeoa, mkeo ana mimba ya miezi minane. Kipimo kina mke?"

Akainama. Nikamwonyesha ngazi.

*

Amri ikatoka wiki ile ile. Kila nyumba, ndani ya siku thelathini, iwe na hita. Mwananchi yuko huru kabisa kuchagua kati ya hita ya tangi na hita ya papo kwa papo, ilimradi achague. Moto wa mkaa na wa kuni kwa ajili ya maji ulipigwa marufuku, kwa kuwa ni moto usiosajiliwa.

Nilikwenda dukani kwa fundi Lupogo, anayejua mabomba ya mji huu kuliko walioyafukia. Nilimkuta amekalia boksi, anakula mhogo.

"Fundi, nieleze kama mtu mzima. Tofauti yake nini?"

"Mama Siwema, la tangi linachemsha maji na kuyatunza. Ukifungua, yapo. Yakiisha, umeumia, ungoje tena saa nzima. Na hata usipooga linakula umeme, maana maji yakipoa linachemsha upya. Ila ni la kuaminika, umeme ukikatika bado una ndoo zako tatu nne za moto."

"La papo kwa papo?"

"Halitunzi kitu. Ukifungua bomba ndiyo linachemsha, hayaishi mpaka ufunge. Dogo, linakaa ukutani bafuni. Lakini linataka waya mnene, na presha ya maji ikiwa ndogo linazima. Na watu wawili wakifungua pamoja, wote wanaoga uvuguvugu na wanagombana."

"Wewe ungechukua lipi?"

Lupogo akaacha kutafuna. Akanyoosha kidole kwenye kisanduku cheusi chenye muhuri wa Wizara. Kila hita dukani ilikuwa nacho, na kila kisanduku kilikuwa na taa ndogo nyekundu.

"Hizi ni mita zao," alisema polepole. "La tangi linakwenda na ukubwa wa familia, na linakaa darini. Kila mwezi watapanda kulikagua. Hili jingine hapandi mtu, lakini kila ukifungua bomba, Wizara inapata habari: saa ngapi na lita ngapi. Kwa hiyo mama, tangi litawaambia mko wangapi. Lisilo na tangi litawaambia mnafanya nini."

"Darini watapanda kweli?"

"Na tochi." Akanitazama. Mke wake ni shoga wa Siwema, na mji huu ni mdogo. "Kama dari lako ni zima, chukua tangi. Kama lina... panya, chukua la ukutani."

"Lina panya," nilisema.

*

Kuchagua kwenyewe kulifanyika Wizarani, mbele ya Mheshimiwa Ngoda, Mkaguzi Mkuu wa Joto wa Wilaya. Ni mtu mpole, mnene, ana sauti ya kuswalisha, na kila sentensi yake huanzia mbali.

"Katika historia ya mwanadamu," alimwambia mzee aliyenitangulia kwenye foleni, "mwananchi hajawahi kuwa huru kama alivyo leo mbele ya meza hii. Umechagua nini?"

"Tangi, Mheshimiwa."

"Tangi. Kwa nini unaweka akiba, mzee wangu? Huamini kwamba kesho Serikali itakuwapo?"

Mzee akavua kofia. Akaonyeshwa mlango wa pembeni.

Aliyefuata alikuwa mwalimu wa kike, na alikuwa amesikia. "Mimi la papo kwa papo!" alisema kwa nguvu.

"Vizuri. Na haraka hiyo, mwalimu, ni ya kwenda wapi?"

Naye akaonyeshwa mlango ule ule. Zamu yangu ikafika.

"Papo kwa papo," nilisema. "Bafu langu ni dogo."

Ngoda akangoja. Nami nikangoja.

"Hiyo si sababu ya kizalendo," alisema mwishowe.

"Ni sababu ya bafu, Mheshimiwa. Ukitaka njoo upime, mita moja na nusu kwa mbili."

Alitafuta muhuri wa kupinga bafu, hakuna. Akagonga ule wa kukubali. Nilipokuwa natoka akasema, bila kuinua kichwa, "Mama mwenye vipimo. Tutakukumbuka."

Nikashukuru. Ndivyo nilivyolelewa.

*

Siwema alijifungua mtoto wa kike siku kumi na tatu baada ya hita kufungwa. Anayejua mambo ya uzazi anajua kinachofuata: siku arobaini ndani, uji wa pilipili manga, na kukandwa. Mzazi hukandwa kwa maji ya moto kweli kweli, ya kuunguza viganja vya anayekanda, asubuhi na jioni, tumbo na kiuno na mgongo, mpaka mwili urudi mahali pake. Siwema alikuwa amepoteza damu nyingi na alikuwa na homa. Mkunga aliniambia mlangoni, "Huyu akikosa kukandwa, usije kunililia." Sikuhitaji kuambiwa mara mbili.

Kiwango cha Wizara kilikuwa lita kumi na tano za moto kwa mtu mzima kwa siku. Nyumba yetu ilisajiliwa watu wazima watatu, yaani lita arobaini na tano. Kukanda peke yake kulitaka ishirini asubuhi na ishirini jioni, na mtoto lita tano. Jumla arobaini na tano. Maana yake mimi na mume wangu tulikuwa hatuogi maji ya moto. Tukizidisha hata lita moja, taa nyekundu itawaka, watakuja watu wenye tochi, nao watamkuta Chande.

Nilimweleza mume wangu hesabu hiyo. Aliitazama ndoo ya maji ya bomba kama mtu anayetazama kaburi.

"Mke wangu, unataka ubaki mjane?"

"Nataka ubaki msafi. Ingia."

Akaingia akisoma dua zote anazozijua, na za majirani.

Mimi sikuacha jambo lijiendee. Nilichora jedwali, nikalibandika nyuma ya mlango wa jiko. Saa kumi na mbili na dakika tano, lita ishirini. Saa nne, lita tano za mtoto. Saa kumi na moja jioni, lita ishirini. Nilifungua bomba mwenyewe kila mara, saa mkononi, ndoo yenye alama chini ya bomba. Chuoni mwalimu wetu alikuwa akisema nyumba isiyo na ratiba ni soko. Yangu haikuwa soko.

Siku ya tisa ya uzazi ukaja ukaguzi wa dari. Ndiyo, hata kwetu wenye hita za ukutani. Wizara ilikuwa imegundua kwamba raia asiye na tangi huenda anaficha tangi. Gari lilisikika mwanzo wa mtaa, nami nilikuwa katikati ya kumkanda Siwema. Nikamwita Chande ashuke. Dari halikuwa kimbilio tena. Chooni wanaingia, jikoni wanaingia, chini ya vitanda wanapiga magoti. Palibaki mahali pamoja ambapo mwanamume hapiti: nyuma ya pazia la mzazi anayekandwa.

Nikamwingiza humo.

Mtanielewa, hilo si jambo dogo. Mkwe na mama mkwe, chumba kimoja, binti yuko utupu juu ya mkeka, maji yanamwagika. Chande alikaa chini pembeni, akajifunika shuka kichwani na kugeukia ukuta.

"Mama, nisamehe," aliuambia ukuta.

"Nyamaza. Na usigeuke hata nyumba ikiungua."

Wakaguzi walipanda darini, wakakuta panya. Walisimama mbele ya pazia, wakasikia maji na mtoto, wakasema "pole, mama," wakaenda zao. Tangu siku hiyo Chande akaishi pale. Wiki mbili nzima sikumwona uso.

*

Siku ya ishirini na tatu Mheshimiwa Ngoda alikuja mwenyewe. Alikuja saa kumi na moja jioni kamili, nikiwa na ndoo mkononi. Mume wangu alikuwa msikitini. Ngoda alikaa kwenye kiti chetu kizuri, akakunjua karatasi ndefu, ikashuka magotini, ikafika sakafuni.

"Katika maisha yangu ya utumishi," alianza, "nimesoma mita elfu sita. Watu huoga ovyo, Mama Siwema. Leo lita tisa, kesho thelathini, keshokutwa hawaogi kabisa na Jumapili wanafua. Ndiyo maumbile. Sasa hii ni ya kwako." Akaweka kidole. "Saa kumi na mbili na dakika tano, lita ishirini. Saa kumi na mbili na dakika tano, lita ishirini. Saa kumi na mbili na dakika tano. Hata jua letu halichomozi hivi."

Niliweka ndoo chini. Kwa wiki zote hizo nilikuwa naogopa kuzidisha. Haikunipitia akilini kwamba kupatia nako ni kosa.

"Mimi ni mtu wa ratiba," nilisema. "Nina stashahada."

"Naijua. Stashahada ya sayansi kimu, daraja la pili la juu. Mtu hupima hivi, mama, kwa sababu mbili tu. Ama anapenda kupima, ama anaogopa kupimwa." Akasimama, akasogea mpaka kwenye pazia. "Nani yumo?"

"Mzazi. Anakandwa."

Nyuma ya pazia Siwema alijimwagia maji kwa kikombe, akaguna kama mtu anayekandwa. Mtoto akaanza kulia, halafu akanyamaza ghafla, kama anavyonyamaza anapochukuliwa na mikono anayoizoea. Mikono ya Siwema ilikuwa na kikombe. Ngoda aliinua mkono, vidole vikagusa kitambaa. Akakaa hivyo. Kisha akaushusha.

"Mama yangu mzazi alikanda mji mzima," alisema. "Ningepita hapa, angefufuka anizabe kofi. Na vijana wangu ni hivyo hivyo, majitu yenye bunduki, yakifika kwenye pazia yanakuwa watoto. Serikali inaheshimu mila. Huo ndio udhaifu wake mmoja." Akarudi kitini. "Nyuma ya mapazia ya wilaya hii, Mama Siwema, wamo watu. Nahitaji mwanamke. Mwenye umri, mwenye kujua kuhesabu, ambaye akibisha hodi kwa mzazi atakaribishwa uji."

"Mimi nina mgonjwa ndani, Mheshimiwa."

"Ndiyo maana nakwambia faida yake. Nyumba ya mkaguzi haikaguliwi. Lita utakazotumia ni shauri lako, hata mumeo ataoga vizuri. Kuna sharti moja tu: mkaguzi akimaliza siku saba hajapata mtu, tunajua kwamba haoni. Hapo inabidi tuteue mwingine anayeona, naye huwa tunampa nyumba ya kwanza ya kujifunzia." Hakusema ni nyumba gani. Aliweka mezani mkoba, kitambulisho kikiwa tayari na jina langu na picha yangu, ile ya mahafali. "Kazi inaanza kesho. Na mkwe wako msalimie, popote alipo."

Alipotoka niliingia nyuma ya pazia. Siwema alikuwa ananitazama. Chande alikuwa amepakata mtoto, ameelekea ukutani.

"Mama, kataa," Siwema alisema.

"Nikikataa, kesho atakuja mwanamke mwingine. Lala chini, maji yanapoa."

*

Siku ya kwanza niliingia nyumba saba. Nilikaribishwa uji saba. Kila nilipopita pazia nilitazama dirishani, nikaandika hakuna. Siku ya pili hivyo. Siku ya tatu nilikuta viatu vya kiume chini ya kitanda, vina matope mabichi. Nikavisogeza ndani zaidi kwa mguu na kumwuliza mzazi kama maziwa yanatoka. Siku ya nne na ya tano sikukuta kitu, na nilishangaa jinsi ilivyoanza kuniuma. Siku ya sita nilirudi kwa yule wa viatu. Mzazi alikuwapo, uji ulikuwapo, viatu havikuwapo. Nyumbani usiku mume wangu alioga maji ya moto, akatoka anaimba. Sikumwambia anyamaze.

Siku ya saba nilibisha kwa Mama Subira, nyuma ya ghala la pamba. Ni mwanamke wa rika langu, mikono myekundu mpaka kwenye viwiko. Sikuhitaji kuambiwa mikono hiyo ilikuwa inafanya nini.

"Karibu, dada. Umenikuta nakanda. Pita tu, sisi sote wanawake."

Nikapita. Mzazi alikuwa mkekani, bado msichana kabisa. Mtoto alikuwa kwenye beseni la nguo. Pembeni alikaa mtu amejifunika shuka kichwani, ameelekea ukutani.

Mama Subira aliona nilichokiona. Hakupiga kelele. Alichovya kitambaa, akakikamua, akakiweka tumboni kwa binti yake, akakibonyeza kwa kiganja.

"Umewahi kukanda, dada?"

"Ninakanda."

"Siku ya ngapi?"

"Thelathini."

"Basi unajua," alisema. "Alivunja nini huyu mkwe wangu, hata sikwambii, ni upuuzi mtupu. Alicheka tu kwenye gwaride. Kaa, kuna uji."

Nilikaa. Uji ulikuwa mzuri, pilipili manga imekolea, kama ninavyoupika mimi. Nikaumaliza, maana chakula cha mtu hakiachwi. Kisha nikafungua mkoba. Fomu ya Wizara ni fupi. Haina nafasi ya jina wala ya kosa, ina mraba mmoja tu wa idadi. Waliosajiliwa nyumba ile walikuwa wawili na mtoto. Nilihesabu. Nikahesabu tena, maana chuoni tulifundishwa kuhesabu mara mbili.

"Unaandika nini?" Mama Subira aliuliza. Kiganja chake hakikuacha kubonyeza.

"Ninajaza."

"Andika vizuri basi, dada yangu," alisema. Aliponitazama usoni, mkono ukasimama.

Niliandika nne. Niliaga kwa adabu. Yule wa ukutani hakugeuka.

Fomu nilimwachia kijana wa Wizara aliyekuwa akiningoja nje, na gari lilinipita njiani kabla sijafika kwenye ghala.

Nilifika nyumbani saa kumi na moja kasoro. Nikanawa mikono, nikafungua bomba, maji yakaja ya moto mara moja, kama fundi alivyosema. Siwema alijilaza. Homa ilikuwa imemwisha, rangi imerudi usoni, hata nilipobonyeza nyonga hakukunja uso.

"Mama," Chande alisema, bado ameelekea ukutani. "Leo ni siku ya saba."

"Najua."

"Na wewe umerudi. Na sisi tupo."

"Mpo."

Nilisikia maji yakichuruzika kutoka kwenye kitambaa.

"Huyo mtu," aliuliza, "ana mke?"

"Ana mke," nilisema. "Na ana mtoto wa siku kumi na moja. Wanakandwa vizuri, maji yao ni moto."

Nikachovya kitambaa tena, nikakikamua, nikaendelea. Kesho nina nyumba tisa, ng'ambo ya reli.